Mleta Mvua Asiye na Huduma

Jumamosi alasiri, wakati wanawake wa rika langu pale Mafiga wako kwenye vikoba vya akiba, kwenye kwaya au msibani, mimi nilikuwa barazani kwangu nikinguruma kama zimwi. Mtu mzima. Mke wa mtu, mama wa watoto waliokwisha kwenda bweni, afisa utumishi mwenye funguo za kabati la majalada. Siku tano za wiki watu wananiamkia shikamoo kwa hofu kidogo, kwa sababu barua zao ziko kwangu. Siku ya sita natandika kitambaa mezani, nashusha sauti hadi kooni na kuuliza, "Nani amethubutu kuingia pangoni mwangu?"

Mchezo wenyewe hauna ubao kama bao au drafti. Mmoja anasimulia: nchi, falme, mapango, mazimwi. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi hiyo, anasema anataka kufanya nini, kisha anarusha dadu yenye pande ishirini ili ijulikane kama amefaulu au ameumbuka. Kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa kimeandikwa kwenye kitabu kinene chenye vifungu na majedwali. Mimi nilikuwa msimuliaji, na msimuliaji ndiye pia hakimu. Hakuna aliyenichagua. Nilipokiona tu kile kitabu, na vifungu vyake vilivyopewa namba, moyo ulinidunda kama wa msichana aliyeletewa posa.

Mimi ni Mpare. Watani wetu wanasema Mpare akiibiwa kuku yuko radhi auze ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani. Nimelikanusha jambo hilo mara nyingi, mara nyingine kwa maandishi.

Kitabu kililetwa na rafiki wa mume wangu, mhadhiri wa kampasi ya Mazimbu, aliyekwenda kusoma Ulaya. Wenzake walirudi na friji na suti, yeye akarudi na boksi la dadu na hicho kitabu. Mume wangu alipohamishiwa kikazi Tabora, mchezo ulibaki Mafiga pamoja nami. Mchezaji wa kwanza alikuwa huyo mhadhiri; wa pili alikuwa mpangaji wangu wa nyumba ya uani, fundi mitambo wa shamba la miwa, ambaye wiki nzima analala kambini na Jumamosi anarudi ananukia grisi na molasesi. Wa tatu alikuwa wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na kwa kweli hadithi hii ni yake. Mimi nimeipora kwa sababu ndiye ninayeandika.

Wifi ni Mluguru wa Mgeta, kule juu ambako baridi inauma mwezi wa saba na kabeji zinakuwa kubwa kuliko kichwa cha mwenye nazo. Alikuwa na digrii ya ualimu, Kiswahili na historia. Alikuja kukaa kwangu kwa muda mfupi, akisubiri ajira ya serikali. Ule muda mfupi ukawa mrefu. Asubuhi alikwenda kujitolea kwenye shule moja upande wa Mwembesongo, jioni alipika vizuri kuliko mimi na kukaa kimya. Wanawake wawili kwenye jiko moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa heshima. Tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na gesi tu, hadi mchezo ulipotukalisha meza moja.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa lugha. Kitabu ni cha Kiingereza, sisi tunacheza kwa Kiswahili, na kitabu kimejaa uchawi kuanzia jalada hadi jalada. Mhadhiri, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema neno "uchawi" halitatamkwa mezani yeye akiwepo. Nikapendekeza "dua". Fundi, ambaye hakosi swala ya Ijumaa, akasema dua haijawahi kumlipua mtu kichwa, na tusimtafutie dhambi. "Uganga" ukapingwa na wote wawili kwa pamoja, jambo la nadra. Ndipo mimi, kwa uzoefu wangu wa vikao, nikasema basi tuite "huduma". Likapita bila kupingwa. Kuanzia siku hiyo fundi, ambaye mchezoni alikuwa mzee wa moto mwenye ndevu hadi kitovuni, akawa anasimama na kusema, "Mwenyekiti, naomba kutoa huduma ya radi kwa wale majambazi pale darajani." Nami namuuliza kama anakidhi vigezo.

Ukishafungua mlango huo, haufungiki. Aina za watu kitabuni, yaani askari, wezi, wazee wa moto na wenzao, tukaziita kada. Mtu akiongezewa nguvu, amepanda daraja. Akifa, utumishi wake umekoma. Mhadhiri alinung'unika kwamba huko Ulaya watu hucheza mchezo huu ili waikimbie ofisi. Nikamwambia huko Ulaya labda hawaipendi ofisi.

Jirani yangu, mama mwenye masikio yanayofika Mazimbu, alimsikia fundi siku moja akipaza sauti, "Nawachoma wote, hata huyo mdogo msimwache!" Akaja mbio na mchi mkononi. Nilimwambia tuko kwenye semina. Akaitazama meza, akazitazama dadu, akatutazama usoni mmoja mmoja.

"Semina gani haina soda?" akauliza, akarudi kwake bila kuridhika.

Wiki iliyofuata nilinunua soda.

Wifi alipokaribishwa kuchagua kada, alipindua kurasa kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha mitihani, akafika kwenye picha ya mwanamke aliyeshika fimbo ndefu chini ya wingu. Mleta Mvua. Maelezo yalikuwa nusu ukurasa: heshima yake, mavazi yake, jinsi wafalme wanavyoinuka akiingia. Wifi akasema, "Huyu ndiye mimi. Kwetu mvua si kitu cha kufanyia mzaha." Akaweka kidole pale kana kwamba mtu angemnyang'anya.

Mimi nikasoma mstari wa chini, ulioandikwa kwa herufi ndogo. Ulisema kwamba huduma za kada hii zitatolewa kwenye kitabu cha nyongeza. Tukatafuta mtandaoni. Ukurasa wa wachapishaji ulisema kitabu cha nyongeza kitatoka karibuni, tukashangilia, hadi mhadhiri alipogundua kwamba tangazo lenyewe lilikuwa limekaa pale muda mrefu kiasi kwamba watu waliouliza chini yake walikuwa wamekwisha kuacha kuuliza.

Nikamweleza wifi kwa lugha ya kikazi. "Kada yako ipo na inatambulika. Ila huduma zake bado ziko kwenye mchakato."

Wifi akacheka kicheko kifupi. Neno hilo alilijua kuliko mimi.

"Sawa, wifi," akasema. "Nitasubiri."

Basi akawa Mleta Mvua asiye na huduma hata moja. Alikuwa na joho, alikuwa na fimbo, alikuwa na cheo. Mhadhiri akikata vichwa vya mazimwi na fundi akitoa huduma ya moto kushoto na kulia, zamu ya wifi ikifika alikuwa akisema neno moja tu: "Nasimama." Mapigano yakiisha, yeye ndiye aliyebeba mizigo, kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu. Siku moja alijaribu kumpiga mwizi kwa fimbo. Nikafungua kitabu, nikamwonyesha kifungu kinachosema fimbo ya Mleta Mvua ni ya heshima na haipigi mtu.

Fundi alinivumilia akavumilia akachoka. "Dada, kwani nani anatuona? Mpe mvua mtoto wa watu. Tunga hata manyunyu."

"Kwa kifungu gani?"

"Kwa kifungu cha ubinadamu."

"Hicho hakimo. Subira yavuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," akasema fundi, akapiga soda yake funda moja kubwa.

Mhadhiri naye alinieleza, kwa upole wa watu waliozoea kufundisha, kwamba mchezo ni wetu na tunaweza kutunga tunachotaka. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamuuliza, mwalimu, kesho wachapishaji wakitoa huduma rasmi na zikawa tofauti na hizi za kwetu za mtaani, nani atarudisha mvua iliyokwisha kunyesha? Akaanza kuzipanga dadu zake kwa mstari. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anatafuta namna ya kuniambia bila kunivunjia heshima kwamba mvua yenyewe haipo.

Hapo ndipo simu za mama mkubwa zilipoanza. Mama mkubwa ni dada yake marehemu mama mkwe wangu, anaishi Mgeta, na simu yake huongea nayo kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Waluguru ardhi yao inafuata upande wa mama. Shamba la mama mkwe, kipande kizuri cha mtelemko chenye maji, halikuwa la mume wangu, lilikuwa la wifi. Lakini shamba lisilolimwa huzua maneno. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, na kwenye ukoo kulikuwa na binti mwingine, mchapakazi, mwenye watoto, anayelitazama kila akipita. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema kwa adabu lakini kwa wazi: mwenye shamba aje alime kabla masika hayajashika, la sivyo wampe huyo anayeweza.

"Mwanangu, unakuja au huji?" mama mkubwa aliuliza, na mtaa mzima ukasikia.

"Shikamoo, mama. Nasubiri kidogo tu. Ajira zinakaribia kutoka."

"Marahaba. Zinatoka wapi, kwani zilikuwa ndani?"

Wifi alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mshauri wake katika mambo haya, na nilikuwa na uhakika kama kawaida yangu. Nilimwambia asiende. Nilimwambia, wifi, ukipanda mlimani leo, kesho tangazo litatoka, na wewe uko kwenye njegere na mtandao wa kubahatisha. Nafasi ya mtu aliyesoma ni ofisini au darasani. Shamba halikimbii. Nilisema hivyo mimi, ambaye siku nzima ofisini nafanya kazi ya kueleza watu kwa nini kitu fulani bado. Akaniamini. Sijui kwa nini watu huwaamini wenye funguo za kabati.

Kila mwezi mama mkubwa akapiga tena, kila mwezi wifi akajibu "kidogo tu", na kila Jumamosi akakaa mezani kwangu akasema "nasimama".

Sasa nieleze ujinga wangu mkubwa kuliko wote. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilitunga kisa cha nchi yenye ukame. Nilikitunga kwa nia njema kabisa. Nilihesabu kwamba mpaka tufike huko, kitabu cha nyongeza kitakuwa kimetoka, na wifi ataingia mjini kwa kishindo, atainua fimbo, mbingu zitafunguka, na mimi nitalia machozi ya furaha kwa siri. Niliandaa kila kitu: visima vilivyopasuka, mbuzi waliokonda, mfalme aliyeahidi nusu ya ufalme wake kwa atakayeleta mvua. Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho ni mvua.

Tulifika. Kitabu hakikuwa kimetoka. Mtu mwenye akili angebadilisha njia, angewapitisha msituni wakapigane na nyani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa sauti za umati.

"Watu wanatoka majumbani," nikasema. "Wanaona fimbo yako. Wanapiga magoti. Mama mmoja anakuonyesha mtoto wake, midomo yake imekauka. Wanasema: Mleta Mvua, tumekusubiri."

Nilikuwa nazifanya sauti hizo vizuri mno. Nina kipaji.

Wifi aliitazama karatasi yake, ile sehemu ya huduma, iliyokuwa nyeupe pee. "Wifi," akasema taratibu, "naomba niinue fimbo tu."

"Unaruhusiwa kuinua fimbo."

"Nainua."

"Umeinua. Watu wanatazama juu." Nikapindua ukurasa usiohitaji kupinduliwa, kwa sababu hata mimi nilianza kujisikia vibaya. "Hainyeshi."

"Hata tone?"

"Kwa mujibu wa mwongozo, bado."

Fundi alisukuma kiti chake nyuma. Mhadhiri alijifanya anatafuta dadu chini ya meza na akakaa huko chini muda mrefu. Na nje, nasema kweli, mawingu yaliyokuwa yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi yakashuka, na mvua ya vuli ikapiga kwenye bati kiasi kwamba hatusikilizani. Fundi akanyoosha mkono kuelekea uani, akapiga kelele, "Haya! Hiyo je?"

"Hiyo haihesabiki!" nikapiga kelele na mimi. "Hiyo ni ya nje ya mchezo!"

Wifi alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kuanua nguo, na nyingi zilikuwa zangu. Alirudi amelowa, ameshika shuka zangu kifuani, akapita bila kukaa tena. Nilisikia mlango wa chumba chake ukifungwa polepole, kama anavyofunga mtu aliyelelewa vizuri. Nilikosa raha. Na mimi nikikosa raha huwa naandika barua.

Niliiandika siku iliyofuata baada ya ibada, kwa Kiingereza, lakini kwa mwili na roho ilikuwa barua ya serikali. Niliweka kumbukumbu namba, ambayo niliitunga kutokana na namba ya nyumba. Niliweka "Yah", yaani yahusu, kwa herufi kubwa: ukosefu wa huduma za kada ya Mleta Mvua. Nilirejea mwongozo wao tajwa hapo juu, nikanukuu mstari wao wa herufi ndogo, nikaeleza athari zilizojitokeza katika utekelezaji, ikiwamo kudhoofika kwa ari ya mtumishi. Mlalamikaji, yaani wifi, nikamtaja kwa jina lake kamili, la kwanza, la kati na la ukoo, kwa kuwa malalamiko yasiyo na mwenyewe hayafanyiwi kazi. Nikaomba mwongozo wa kitaalamu mapema iwezekanavyo. Nakala kwa wachezaji wote. Nikaituma kwa anwani ya wachapishaji niliyoikuta mtandaoni, nikajisikia nimekwisha kuleta mvua.

Fundi aliisoma nakala yake kwenye simu, akanitazama kwa huruma. "Dada, hii kampuni inatengeneza michezo. Umewaandikia kama umenyimwa pensheni."

Ikapita miezi, hakukuwa na jibu. Nikaandika ya kukumbusha. Nikaandika ya kukumbusha ile ya kukumbusha. Katikati ya hapo tangazo la ajira likatoka kweli, nikatembea nyumbani kwa kujidai kama niliyelitoa mimi. Wifi aliomba, kama alivyoomba miaka ya nyuma. Nilimsaidia kupakia vyeti, nikamkagulia kila herufi. Alikaa mezani kwangu akingoja, huku mama mkubwa akipiga simu kueleza kwamba huyo binti mwingine amekwisha kuonekana na jembe kwenye mpaka, anafyeka "kwa kusaidia tu".

Majina yalipotoka, lake halikuwamo. Tulitafuta kwenye orodha mara nyingi, kwa jina la kwanza, kwa la mwisho, hata kwa majina yanayofanana na lake. Nikasema nililosema siku zote. "Wifi, kuna awamu nyingine."

"Nani kasema?"

"Huwa inakuwepo."

"Mimi sijaambiwa, wifi," akasema. Hakulia. Alikwenda kuchambua mchele. "Wangeniambia hufai, ningejua. Hawasemi. Unaona tu hupo."

Nililala na maneno hayo, yakanichoma, asubuhi nikaenda kazini nikawajibu watu watatu kwamba suala lao linashughulikiwa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa bado tumekwama katika ile nchi yenye ukame. Mfalme alikuwa amekwisha kutukasirikia. Nilifungua kompyuta mpakato yangu ili nitazame ramani, na barua ikawa pale. Jibu la wachapishaji. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia ukutani.

"Soma, dada!" akasema fundi. "Soma, soma!"

Nikaisoma kwa sauti, nikitafsiri, nikianza na furaha iliyopungua kila mstari. Walishukuru kwa kuupenda mchezo wao. Waliomba radhi kwa kuchelewa. Walisema wamelijadili jambo hilo, na kwamba kitabu cha nyongeza hakitatoka. Kada ya Mleta Mvua imeondolewa katika toleo jipya na haitapewa huduma, wala msaada rasmi wa aina yoyote. Walikuwa na masikitiko. Walimtakia mchezaji kila la heri, na wakasema kwamba mezani kwetu tuna uhuru wa kufanya tunavyoona inafaa.

Damu ya Kipare ikanipanda kichwani. "Hapana! Hii tunakata rufaa! Wamemkubali kwenye kitabu, wamemchora na picha, leo wanamfuta? Mtumishi ana haki ya kusikilizwa! Mhadhiri, una anwani ya mkubwa wao?"

"Wifi," akasema wifi, "naomba nisome mwenyewe."

Nikamgeuzia kompyuta. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Akafika mwisho akarudi mwanzo. Nilijiandaa kumfariji, nikaanza hata kutafuta kitambaa. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu aje kwangu.

"Wameniandikia mimi," akasema.

Nilichungulia. Ni kweli. Mimi niliruka mwanzo kwa haraka ya kufika kwenye uamuzi. Barua ilianza kwa majina yake, yote matatu, kama nilivyoyaandika.

"Maombi yote niliyotuma," akasema wifi, "miaka yote hii, hakuna aliyewahi kunijibu. Hata mmoja. Hawa hawanijui, sijawahi kufika kwao, nilichowaomba ni mvua ya uongo. Wamekaa, wamelijadili, wameniandikia kwa jina langu, wamesema hapana."

Fundi alikuwa anaitazama chupa ya soda.

Mimi, kwa kuwa sijui kukaa kimya, nikafanya nilichokataa kufanya muda wote ule. "Wifi, nyesha," nikasema. "Leo nyesha unavyotaka. Wamesema tuna uhuru. Chukua huduma zote, manyunyu, mafuriko, mvua ya mawe. Inua fimbo. Watu bado wamepiga magoti."

Alinishika mkono. Alikuwa hajawahi kunishika mkono.

"Asante, wifi. Nyesha wewe. Mimi nina nguo za kupanga."

Akatoa simu, akapiga pale pale mezani, na sauti ya mama mkubwa ikatoka kwa nguvu ile ile bila hata kuweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Unakuja au huji?"

"Nakuja Jumatatu. Mwambie huyo dada asante kwa kufyeka, asipande."

"Na hiyo ajira?"

"Nimepata barua, mama."

"Ya kazi?"

"Ya kukataliwa. Sisubiri tena."

Nikangoja pole. Badala yake vikatoka vigelegele, kimoja, kisha kingine cha mwanamke mwingine aliyekuwa karibu, kisha sauti kadhaa kwa pamoja, na wifi akacheka huku machozi yanamtoka na akaishika simu mbali na sikio ili na sisi tusikie. Nimefanya kazi ya kuandikia watu barua kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeandika za kupandisha vyeo, za kuthibitisha kazini, za pongezi. Hakuna hata moja niliyowahi kusikia inapigiwa vigelegele.